Kiti cha Mama Kando ya Dirisha

Chumba cha kushonea, nyuma ya stesheneri,
S.L.P. 2207.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kishikizo,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na yule mke mwenza wa Mama, binti yako, ambaye nasikia ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anataka kuimba mbele za watu, naye hajambo? Mgongo wako je, ule mkanda waliokupa kazini unasaidia, au umeutupa chini ya kitanda? Unijibu ukweli. Usinijibu kama kwenye simu, "niko poa tu, dada," maana poa yako naijua tangu siku ulipomeza kishikizo cha koti la mteja ukasema uko poa, mpaka tukakubeba mbio hospitali na jina likakuganda.

Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Mimi mzima, ila vidole vinakufa ganzi asubuhi. Shemeji yako mzima, anakoroma kama kawaida yake. Cherehani ile nyeusi nimeibadilisha mkanda, sasa inakimbia kuliko mimi. Na Mama... kwa Mama nitafika. Unaona ninavyozunguka. Jina la Cherehani mlinipa kwa sababu nasema bila kupumua, lakini leo nashona hatua mbili, uzi unakatika.

Utajiuliza barua ya nini wakati Jumatano tu tumeongea. Kati yangu na Mama kuna pazia la kitenge, basi, na tangu macho yamsumbue masikio yake yamekuwa makali ajabu. Ninong'one tu, ananijibu kutoka upande wa pili. Haya ninayokueleza siwezi kuyatamka akinisikia. Halafu kuna kitu nitakuomba huko mwishoni ambacho simu haiwezi kukibeba.

Mwezi uliopita nilikuambia safari ya Mama imesogezwa mbele kidogo kwa ajili ya mafua. Jumatano nikarudia maneno yale yale. Nilikudanganya, mdogo wangu, unisamehe. Mama hakuwa na mafua, na safari haikusogezwa. Safari haipo.

Ngoja nianze mwanzo. Ruhusa ya Mama ya kuja kwenu tuliihangaikia miezi kumi na minne, na ilipotoka ikawa ya siku tisini, kuingia mara moja. Wewe huwezi kutoka mpaka makaratasi yako yakamilike, ukitoka hurudi. Mwaka wa kumi na mmoja huu. Mtoto ana miaka sita na bibi yake hajamtia machoni. Jicho la kulia la Mama lilizimika zamani, unajua, likabaki la kushoto peke yake. Tuliposema Mama aje, hatukusema aje kutembea. Tulisema aje akuone wewe na mtoto, jicho lingali na nuru. Hilo tu ndilo tulilokuwa tunaomba.

Siku ile ruhusa ilipotoka nilikwenda mbio kwa Bi Nakala, huyu jirani yangu mwenye stesheneri. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake asiitoe nakala, hata risiti ya nyanya. Siku hizi anakatia watu tiketi kwenye kompyuta yake. Akanigeuzia kioo nikaona tiketi za aina tatu. Ndege ni hiyo hiyo, siku ni hiyo hiyo, chakula ni kile kile. Ya kwanza bei yake inatia kizunguzungu. Ya mwisho ilikuwa nafuu kabisa, na chini yake maneno madogo mekundu: fedha hazirudishwi, tarehe haibadilishwi.

Nikacheka. Kweli nilicheka, na Bi Nakala ni shahidi.

Nilicheka kwa sababu maneno hayo ninayo ukutani kwangu. Unayakumbuka, uliniandikia wewe mwenyewe kwa wino mwekundu ukiwa bado shule: NGUO ILIYOKATWA, PESA HAIRUDI. ISIYOCHUKULIWA KWA MIEZI MITATU ITAUZWA. Tangu siku hiyo sijawahi kumuuzia mtu nguo ya mwenzake. Ile suti ya bwana harusi aliyekimbiwa bado inaning'inia, mwaka wa saba, naifuta vumbi kila Jumamosi. Pesa nimerudisha mara ngapi, sina hata hesabu. Mtu anakuja, ananieleza shida zake, namkaripia kidogo ili ajue, halafu nampa chake. Na tarehe ndiyo kabisa, mimi ni fundi, tarehe kwangu ni kitu cha kusogeza. Nikadhani watu wote wenye biashara wako hivyo. Nikadhani maandishi ya ukutani ni salamu tu, mazungumzo yanafuata. Nikachukua ile ya mwisho.

Bi Nakala akaniuliza kama nataka kuongeza bima ya kughairi safari. Bei yake haikuwa kubwa. Nikamwambia mimi silipii balaa ambayo haijabisha hodi, kuilipia ni kuiita. Pesa hiyo nikamnunulia Mama kiti cha kando ya dirisha, maana hicho nacho kinauzwa mbali. Nilipomwambia Mama, akaniuliza dirisha la nini kwa mtu wa jicho moja. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: "Ah, jicho moja dirisha moja, yametoshana."

Basi tukaanza matayarisho. Mimi nikamshonea Mama gauni la safari lenye mifuko ya ndani, na yeye akaanza gauni la mtoto, la njano, kola ya duara. Unajua Mama hajawahi kushika futi ya kupimia. Wateja wake wote amewapima kwa uzi: anauweka nyuma ya shingo, anapiga fundo mwisho wa bega, fundo kiunoni, fundo gotini, anaukata, anautia kwenye mkebe wa biskuti. Nyuzi zetu zote zimo. Wako umo, alikupima ile wiki uliyoondoka. Uzi wa mtoto ndio haukuwemo, kwa hiyo gauni alilikata kwa kukisia, kwa ile picha uliyotuma akiwa amesimama karibu na friji. Alinituma nikapime friji ya Bi Nakala ili ajue mtoto anafika wapi. Tulicheka sana siku hizo, Kishikizo. Sikujua kama tutamaliza akiba yote ya kicheko.

Ilikuwa Jumapili, zimebaki siku kumi asafiri. Mama anatia pindo, akaniuliza kwa nini nimezima taa ya upande wa kushoto. Saa sita mchana, hakukuwa na taa iliyowashwa. Nilisimama na pasi mkononi mpaka nikaunguza kwapa la shati la mtu.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kwa daktari wa macho. Akamwangalia muda mrefu na kijitochi chake, akanieleza kuwa utando wa nyuma ya jicho umebanduka. Nikamwambia mimi ni fundi, anieleze kifundi. Akafikiri, akasema ni kama bitana iliyoachia ndani ya koti, na ikiachia yote basi. Akasema afanyiwe upasuaji Alhamisi, watamtia hewa ndani ya jicho ili iukandamize utando urudi mahali pake, na mwenye hewa hiyo hapandi ndege miezi miwili, akipanda jicho linaharibika huko huko angani. Asipofanyiwa, jicho litafunga. Lini, hakuna ajuaye, pengine kesho, pengine baada ya wiki tatu. Nikamuuliza akifanyiwa ataona? Akasema nusu kwa nusu.

Hapo ndipo mimi na Mama tulipogombana kama hatujawahi kugombana. Yeye alitaka kuja. Alisema neno ambalo limenikaa hapa kooni mpaka leo. Alisema, "Nipeleke nikamwone mwanangu. Giza likija baada ya hapo, litanikuta nimeshiba."

Mimi nikakataa. Nilimwona Mama peke yake ndani ya uwanja wa ndege wa watu, katikati ya safari, anabadilisha ndege, na jicho limefunga, hajui lugha, anapapasa ukuta. Nikamwambia tuliokoe jicho kwanza, safari tutaitafuta nyingine. Akaniuliza, "Nyingine ipi?" Nikapandisha sauti badala ya jibu. Mwisho akasema fanya unavyoona, wewe ndiye unayeona. Nikaweka sahihi hospitali. Kwa hiyo ujue, mdogo wangu, aliyeamua ni mimi. Mama hakuamua.

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa kwa Bi Nakala kuifuta safari. Kumbe hata kufuta kuna ngazi zake. Ukifuta kabla ya siku saba za mwisho wanakata nusu. Zikiingia siku saba wanakata mafungu manne kati ya matano. Sisi tulikuwa ukingoni kabisa, siku ile ndiyo ya mwisho ya nusu. Bi Nakala akaweka mshale kwenye kitufe, akaniambia, "Dada, bonyeza tuokoe hii nusu." Nikamwambia subiri kwanza, tuongee nao.

Niache niseme tena, maana nataka ulijue kosa langu vizuri. Kitufe kilikuwa mbele yangu, na mimi nikasema tuongee nao.

Kuna mahali pa kuandikia, na anayejibu anajiita Msaidizi. Nikamwandikia salamu. Nikamuuliza habari za kazi. Akajibu kuwa amefurahi sana kunisaidia leo. Nikamweleza habari za Mama tangu jicho la kwanza, nikaandika mambo ya bitana na mambo yako na ya mtoto, Bi Nakala akichapa huku anapangusa pua. Akajibu, "Pole kwa usumbufu. Je, ungependa kukodi gari utakapofika?" Nikajua hakuna mtu humo. Ni mashine. Nilikuwa namlilia sufuria.

Bi Nakala akahangaika mpaka akampata binadamu, au kitu kinachoandika polepole kama binadamu. Huyo akataka barua ya daktari. Nikatoka mbio hospitali, daktari yuko chumba cha upasuaji, nikasubiri kwenye benchi, nikaipata, nikarudi mbio, Bi Nakala akaitoa nakala, bila shaka, akaituma. Yule akasema asante, tunaipitia, tafadhali usiondoke. Sikuondoka. Nilikaa pale nimeshika tama, nikijiambia barua ya daktari haiwezi kukataliwa, ina mhuri.

Saa kumi alasiri likaja jibu. Wanasikitika sana. Aina ya tiketi niliyochagua haina msamaha wa maradhi. Na pale kwenye kitufe, ile nusu ilikuwa imeshageuka kuwa mafungu manne kati ya matano, kwa sababu saa kumi alasiri ya huku ni saa sita usiku ya kwao, na kwao siku saba zilikuwa zimeshaingia. Nilikuwa nabembeleza, saa yao inatembea. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, nami nilipiga kwa mikono miwili.

Tukabonyeza. Lile fungu moja lililobaki hawakulirudisha kama pesa. Wametuma vocha ya kusafiria, inaishia miezi sita, kwa jina la Mama peke yake, haiuzwi wala haihamishwi. Na ruhusa ya Mama ya kuingia kwenu inakwisha wiki ile ile ambayo daktari atamruhusu kupanda ndege. Pesa ya kiti cha dirishani hata haikutajwa.

Bi Nakala, katika kutafuta tafuta, akaisoma orodha ya wale wanaorudishiwa pesa yote. Ilikuwa na mstari mmoja tu: abiria akifariki, kwa cheti. Nilimwomba asimwambie mtu. Lakini mimi na mdomo wangu unatujua. Jioni Mama aliponiuliza kama hakuna njia yoyote kabisa, nikajikuta nimeshamwambia. Alicheka mpaka akakohoa. "Waambie nitajitahidi," akasema. Halafu kicheko kikaisha, akaniuliza pesa ile uliyotutumia ni miezi mingapi ya mgongo wako. Nikamwambia minane. Akageukia ukuta.

Kesho yake alikuja mteja, msichana wa saluni, harusi yake imeahirishwa, anataka kurudishiwa malipo ya awali. Kitambaa nilikuwa nimeshakata. Nikamwambia, "Soma ukutani!" Nilipaza sauti mpaka watu wa duka la pili wakachungulia. Akasoma, kweli, midomo ikicheza, akasema sawa mama, akaondoka bila kubishana. Kubishana kwenyewe ndiko nilikokuwa nakungoja. Nilipotoka kumwita alishakata kona, na sijui saluni anayofanyia kazi ni ipi. Pesa yake nimeifunga kwenye kitambaa chake, iko pale juu ya rafu, akipita atapewa.

Alhamisi Mama akafanyiwa. Baada ya hapo ni kulala kifudifudi siku kumi, usiku na mchana, ili hewa ipande mahali inapotakiwa. Nilichukua godoro la sponji nikalikata tundu la uso, kama unavyokata shingo ya gauni, nikalizungushia kitambaa laini lisimkwaruze. Alikaa humo hata hakulalamika. Alikuwa anaongea na sakafu, sisi tunamjibu kutoka juu.

Siku ya sita ndiyo ilikuwa siku ya ndege. Nilitumaini ameisahau. Asubuhi simu yangu ikalia, ni wale wale, mashine imemtumia Mama ujumbe wa kumtakia safari njema. Nikaufuta. Lakini Mama kutoka huko chini akauliza, "Sasa hivi ningekuwa wapi?" Nikamwambia uwanjani, mnaitwa majina. Baada ya saa moja akauliza tena. Nikamwambia mmepaa. Akauliza, dirishani kuna nini?

Kishikizo, mimi ndege naijua kwa mlio tu. Nilikaa chini kando yake nikaanza kumweleza mawingu. Nikamwambia yako kama pamba tunayotia kwenye mabega ya koti, mengi, hayana mwisho. Nikamwambia jua liko upande wake. Nikamwambia sasa mnapewa chai, sasa jirani yako amelala anakuegemea. Akaniambia nimsukume huyo jirani. Tukaendelea hivyo mpaka jioni, na nilipomwambia ndege inashuka akasema basi, inatosha, usinifikishe. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye godoro na yeye anajifanya hasikii, na yule mama masikio yake nimeshakueleza.

Jumanne hii tulirudi kwa daktari. Utando umeshika vizuri, amesema, kazi imekwenda sawa. Ila nuru haikurudi. Mama anajua dirisha liko wapi. Akipungiwa mkono karibu anajua kuna kitu kimepita, lakini hajui ni mkono. Nikamuuliza daktari itaongezeka? Akasema tusubiri. Alikuwa ananiambia hivyo huku anapanga kalamu zake mezani, akazipanga zote, hakuniangalia.

Sasa umejua yote. Ningemwacha aje, pengine angekuona. Hata siku mbili, hata saa moja pale mlango wa kutokea. Pengine pia jicho lingefunga njiani, daktari anasema hivyo ili kunifariji. Na hilo neno "pengine" ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo. Sina la kufanya nalo. Nimezoea kwamba nguo ikikosewa inafumuliwa, inashonwa upya, mteja anakunywa soda anangoja. Hapa hakuna pa kufumua. Ukitaka kunilaumu, nilaumu, una haki. Ila mlaumu dada yako kwa barua, usimlaumu kwa kunyamaza.

Mama hanilaumu. Ningetamani anikaripie. Siku moja tu amesema, "Ulikuwa unaniogopea," kama mtu anayetaja kosa dogo la mtoto, akaomba chai.

Na tangu Ijumaa ameanza tena lile gauni la njano. Amelifumua pindo lote kwa wembe, kwa kupapasa, hakujikata hata mara moja. Anasema alilikata kwa picha, na picha sasa haimsaidii kitu, anataka kipimo. Kwa hiyo ombi langu ni hili.

Tafuta uzi wa pamba, usiwe wa nailoni, wa nailoni unavutika. Msimamishe mtoto bila viatu, ukutani, mkiweza mbembelezeni na kitu asicheze. Weka ncha ya uzi kwenye kile kimfupa nyuma ya shingo. Fundo la kwanza mwisho wa bega. Teremka, fundo la pili kiunoni, la tatu gotini, kata. Uzi mwingine wa kuzunguka kifua, mwingine wa mkono mpaka kifundo. Wifi ashike, wewe ufunge. Usiongeze urefu kwa kusema mtoto anakua. Mama anamtaka alivyo leo.

Na wewe pimwa. Usijipime mwenyewe, mtu akijipima hudanganya. Juzi nimemwona Mama ameutoa uzi wako kwenye mkebe, akaupitisha vidoleni, akafika fundo la bega, akalishika hapo kwa muda mrefu sana. Akaniuliza kama bega hilo bado ni lile. Nikamwambia sijui, Mama, ni la miaka kumi na moja iliyopita.

Shemeji yako anakusalimu, anasema ule mpira wa redioni unaosikiliza huko si mpira. Bi Nakala anakusalimu sana, na ananiambia nikuombee radhi kwa kuwa hakubonyeza kwa nguvu bila kunisikiliza. Msalimie wifi yangu, mwambie siku moja tutaonana na tutasengenya mpaka koo zikauke. Mbusu mke mwenza wa Mama pale palipotoka meno. Mungu aulaze mgongo wako mahali laini, akufungulie makaratasi yako, na akutie nguvu ya kuisoma barua hii mpaka mwisho bila kuikunja.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, nisiyejua la kufanya,

Cherehani

Uzi ulio ndani ya bahasha ni wa Mama. Amesema kama yeye atakuona kwa uzi, na wewe umwone kwa uzi, ndiyo haki. Nimempima jana mchana. Fundo la bega liko karibu na ncha ya shingoni kuliko unavyomkumbuka, na la goti limepanda. Sikukosea. Nilipima mara mbili.